Upande wa Kichwa

Mohamadi alikata roho alfajiri ya Jumatano, mwadhini akiwa bado hajamaliza kuita, na jua lilipoanza kupiga mapaa ya mabati ya commune ya Tshopo, mjini Kisangani, mzee Zacharie alikuwa tayari barabarani na fimbo yake, akitafuta mtu wa kumbeba rafiki yake upande wa kichwa.

Wabebaji kwa jumla hawakukosekana. Msikitini kulikuwa na vijana wa kutosha kulipeleka jeneza makaburini mara kumi. Aliyekosekana ni mtu mmoja tu, na saa za kumpata zilikuwa chache, maana Waislamu hawalazi maiti. Baada ya sala ya adhuhuri Mohamadi angetoka nyumbani kwake, na njiani ilikuwa lazima apitishwe Nyumba ya Kafi. Hilo alikuwa ameliomba mwenyewe wiki iliyopita, akiwa ameushika mkono wa Zacharie kwa vidole vilivyobaki mifupa.

"Utaniingiza?" aliuliza.

"Nitakuingiza."

"Hata na mambo haya ya sasa?"

"Mohamadi, lala. Nimesema nitakuingiza."

Nyumba ya Kafi ilisimama kwenye avenue ya kumi na moja, ukumbi mrefu wa matofali mekundu, na juu ya mlango wake palikuwa na kafi mbili za saruji zilizopishana. Waliijenga watu wa mtoni kutoka Yanonge na Isangi waliokuja mjini kufanya kazi bandarini, zamani za Wabelgiji. Siku hizo mtu wa mtoni akifa mjini alikuwa hana pa kulazwa. Parokia ilitaka cheti cha ubatizo, misheni ilitaka barua ya mchungaji, na aliyekosa vyote viwili alilazwa chini ya mwembe wa jirani kama mzigo uliosahauliwa na boti. Basi wakaapa kwamba ndugu yao akifa, wa dini yoyote, ataingizwa kwanza ndani ya nyumba yao, alazwe juu ya meza ndefu, yasomwe majina ya waliomtangulia, ndipo dini yake imchukue ikamzike inavyojua.

Viti vya udugu huo vilikuwa kumi na viwili. Kiti hakikuuzwa wala hakikufuata damu. Aliyembeba marehemu upande wa kichwa na kuvuka naye kizingiti, huyo ndiye aliyekaa kwenye kiti chake, na jina lake liliandikwa daftarini siku hiyo hiyo. Mwenye kiti tayari hakuruhusiwa kubeba kichwa. Na ikiwa ndugu hakuingizwa, kiti chake kiligeuzwa kuelekea ukutani, hakihesabiwi tena.

Kwa sheria hiyo Mohamadi, fundi wa mashine za boti, mtu wa Kindu, Mwislamu asiyejua hata kushika kafi, aliingia katika udugu wa watu wa mtoni. Ilikuwa mwaka wa elfu mbili, siku zile sita ambazo majeshi mawili ya kigeni yalipigana kwa mabomu juu ya vichwa vya watu wa Kisangani. Zacharie, karani wa bandarini wakati huo, alikuwa ng'ambo, Lubunga, alikokwenda kutafuta mihogo, na mto ukawa haupitiki. Bomu likamwua kaka yake Benoît, mwenye kiti, uani mwake. Siku ya tatu, mabomu yalipotulia kidogo, Mohamadi, ambaye alikuwa jirani tu, alimfunga Benoît katika shuka, akawaita wanawake wawili washike miguu, akapita naye avenue nzima juu ya vioo vilivyovunjika, akamwingiza. Hakujua habari ya kiti. Alijua tu kwamba watu hawa wana desturi ya kuingiza wafu wao. Zacharie aliporudi alimkuta kaka yake ameshazikwa, akachukua kalamu, akaandika jina la Mohamadi kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuwahi kumpinga kwa neno lolote.

Sasa watoto wa Mohamadi walikuwa wawili. Yannick alikuwa Goma, na kwa vita ya huko, kutoka Goma hakukuwa na ndege wala barabara. Alikwisha kupiga simu mara tatu akilia. Zaina alikuwa hapa, lakini kwao mwanamke habebi jeneza. Ndiyo sababu Zacharie alikuwa barabarani.

Alianza msikitini. Mwalimu wa msikiti alikuwa barazani na wanaume watatu waliokuwa wakikata sanda, na alimpokea kwa mikono miwili.

"Pole sana, papa Zacharie. Kijana wa kubeba nitakupa, hata ishirini. Mpaka mulangoni kwenu."

"Na ndani?"

"Ndani hapana."

"Wazee wenu waliingia, mwalimu. Walikaa nasi wakasikiliza majina."

"Wakati ule ndani kulikuwa meza na viti. Leo kuna nini?"

Zacharie alihamishia fimbo mkono wa pili.

"Kuna mimbari ya pasta," mwalimu alisema polepole, kama mtu anayesaidia kukumbuka. "Kuna kitambaa kimeandikwa Damu ya Yesu, chekundu mpaka macho yanauma. Kuna baffles za muziki, kubwa kama friji. Mimi sigombani na mutu, papa. Mumupokee mulangoni, mumuingize nyinyi, sisi tutangoja nje. Lakini nikimwambia kijana wangu avuke pale, kisha akae kwenye kiti pale kila mwezi, mama yake atakuja kuniuliza kama nimemubatiza."

Mmoja wa wakata sanda alicheka, akaziba mdomo.

"Si kanisa," Zacharie alisema.

"Bon. Jumapili je, iko nini?"

Zacharie aliaga. Kitambaa chekundu kiliingia pale kwa ruhusa yake mwenyewe.

Miaka tisa nyuma tufani ilichukua maturubai ya kanisa moja changa, Malango ya Ushindi, na pasta wake, Sadrack, akaja kuomba ukumbi kwa Jumapili chache. Sadrack hakuwa mgeni. Alimbeba baba yake upande wa kichwa kama inavyotakiwa, na kiti chake alikipata kwa haki. Ndugu wakakubali, maana ukumbi usiosikia sauti huota ukungu. Sadrack akaja na vijana wake, wenye mashati ya rangi moja na mabega ya wapakuzi wa mizigo. Ndugu mzee akifa, watoto wake wakiwa mbali au wakigombania godoro, vijana hao walifika bila kuitwa. Walileta maji, walipanga viti, waliimba, na jeneza walilinyanyua kwa pamoja kama kitu chepesi.

Na Zacharie, mtu aliyependa kazi iliyonyooka, aliwapenda. Kwa watu wa Nyumba ya Kafi ni aibu kubwa jeneza likigusa mwimo wa mlango. Huonekana kama marehemu amesukumwa. Zacharie ndiye aliyekuwa mtunza nyumba, naye ndiye aliyepanga wabebaji. Kila mara alitazama mikono iliyokuwepo, akachagua iliyo imara kuliko yote, akaiweka upande wa kichwa. Kila mara jeneza lilipita bila kugusa. Kila mara aliandika jina. Hakuna aliyemdanganya, hakuna aliyemshika mkono. Siku Sadrack aliposimama na kusema kwamba nyumba imezeeka, ivunjwe, lijengwe hekalu la ghorofa, Zacharie alifungua daftari na kukuta kwamba viti saba kati ya kumi na viwili ni vya Malango ya Ushindi.

Kuibadili nyumba kulihitaji viti vinane. Mohamadi, akikohoa, alisema "Mimi sitaki," na hadi alipokufa cha nane kilikuwa hakijapatikana.

Kutoka msikitini Zacharie alipanda toleka, akamwambia mwenye baiskeli ampeleke nyuma ya parokia. Huko, karakana yake ikiwa imeegemea ukuta wa kanisa, alikuwapo Glodi, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, kijana wa miaka ishirini na minne.

"Papa Zacharie! Geuza macho, geuza macho! Courant ya umeme imerudi sasa hivi, sizimi mashine hata akija gavana."

Zacharie aligeuza macho, akangoja. Cheche zilipokwisha, alisema, "Glodi, Mohamadi amekufa."

"Nimesikia. Mutu muzuri. Alinifundisha kufungua carburateur nikiwa mutoto."

"Nataka umbebe upande wa kichwa."

Glodi alivua kinyago chake cha chuma. Alimtazama mzee, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akaigeuza viganja juu.

"Hii?"

Zacharie alijua kinachokuja. Alikuwa amekijua tangu alipopanda baiskeli.

Babu yake Glodi alikuwa ndugu wa Nyumba ya Kafi, na alipofariki, miaka mitano nyuma, Glodi alisimama mlangoni katika suruali ya kuazima, tayari. Jeneza lilikuwa la mbao nzito ya lifaki. Zacharie alimpima kwa macho, akasema mbele ya watu wote kwamba mikono ya kijana ni myembamba, mzee atagonga mwimo, na akamwita mmoja wa vijana wa Sadrack.

"Ulinipa viti vya plastiki nivipange," Glodi alisema. "Babu yangu ndani anasomewa majina, mimi niko nje napanga viti. Na ule aliyemubeba, unajua? Mwezi haukwisha nikamukuta sokoni, nikamuuliza, unamukumbuka babu? Akasema, ndiyo, ule mzee wa Yanonge. Babu yangu alikuwa wa Isangi!"

"Nilikosa, Glodi."

"Bon. Ulikosa. Alors leo mumebaki watu wanne, ndiyo mikono yangu imenenepa?"

"Leo nakuomba."

"Papa, nitakuja kuzika. Nitatupa udongo wangu juu ya Mohamadi, na nitalia, maana nilimupenda. Lakini kiti, kaa nacho." Akashusha kinyago. Sauti yake ilitoka ndani ya chuma kama kutoka pipani. "Na kama siku moja mutataka mulango mupya, mulango mupana, usiogusa mutu, uje. Nitakuchomelea bei ya ndugu."

Zacharie alirudi kwa miguu. Alipita mbele ya kanisa la Wakimbanguisti, ambako bendi ya filimbi ilikuwa ikifanya mazoezi, akasimama kidogo kwenye lango. Hakumjua mtu hata mmoja mle ndani kwa jina. Miaka arobaini alikuwa akipita hapo. Aliwasikiliza mpaka mwisho wa wimbo, kisha akaondoka.

Alipofika Nyumba ya Kafi ilikuwa yapata saa tano na nusu. Ukumbi ulikuwa umefagiwa. Meza ndefu ilikuwa imefunikwa shuka jeupe lililopigwa pasi, na Pasta Sadrack mwenyewe alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono ya shati imekunjwa, akikamua tambara la maji. Pembeni, akinyoosha shuka, alikuwapo Landry, shemasi wa kanisa, mume wa Viviane, binti yake Zacharie.

"Pole, papa," Sadrack alisema akiinuka. "Tumesikia hamujapata mutu."

"Nani amesema?"

"Tshopo iko kidogo, papa. Na baiskeli za toleka zina midomo."

Zacharie aliketi. Hakumchukia Sadrack, na hilo lilikuwa sehemu ya taabu yake. Kanisa lile lililisha wajane wa avenue nne. Sadrack alimlipia mzee Faustin, mmoja wa wenye viti, dawa za macho bila kumwambia mtu.

"Landry atabeba," Sadrack alisema. "Si mutu wa njiani. Mohamadi alimupenda, na Zaina amekubali."

"Na kiti?"

"Kiti ni sheria yenu, papa. Mimi sikuitunga."

"Ukipata cha nane utavunja."

"Nitajenga. Mvua ikinyesha tunaweka ndoo kumi na moja humu ndani. Mbao za juu zimekwisha kuliwa. Siku moja dari itawaangukia batoto wa Sunday school, na wewe ndiye utaandika majina yao."

"Na wafu wetu?"

"Wafu wana morgue ya hospitali, papa." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia fupi. "Nyumba ya Mungu ni ya walio hai."

Zacharie alimgeukia mkwewe. "Landry. Ukivuka naye, utakaa kwenye kiti?"

"Nitakaa, papa. Si ndiyo desturi?"

"Na pasta akisema inueni mikono?"

Landry aliendelea kunyoosha shuka mahali ambapo halikuwa na mkunjo. "Papa, mimi ni shemasi wake," alisema.

Walipotoka kwenda kujiandaa, Zacharie alibaki na Faustin, aliyekuwa nahodha wa boti ya Yangambi na sasa alikuwa haoni zaidi ya urefu wa mkono wake. Wenye viti wawili waliobaki walikuwa huko mtoni, mmoja Yanonge, mmoja Isangi, na miaka miwili hawajaonekana. Faustin alikaa kwenye kibaraza, amevaa koti la mazishi.

"Mwache Landry aingie naye," Faustin alisema. "Kisha usiandike."

"Asiyeandikwa hakuingia."

"Basi beba wewe."

"Mwenye kiti habebi kichwa."

"Eh, Zacharie! Nani amesema?"

"Sheria."

"Sheria ni mimi na wewe. Wengine wote wamekufa."

"Ndiyo maana," Zacharie alisema. "Tukiivunja mimi na wewe, itabaki kwa nani?"

Faustin alitema mate vumbini. "Unaongea kama daftari."

Zacharie aliingia ndani, akasimama mbele ya meza. Aliipima habari yake kama alivyokuwa akipima shehena bandarini, upande huu na upande huu. Akimwingiza Mohamadi, nyumba inakwisha, na kila mtu wa mtoni atakayekufa Tshopo baada ya hapo atatoka morgue kwenda shimoni. Asipomwingiza, kiti kitageuzwa ukutani, saba watabaki saba, na nyumba itasimama. Alifanya hesabu hiyo mara tatu na mara zote tatu ilitoa jibu lile lile. Katika hesabu hiyo Mohamadi alikuwa mmoja, na wengine walikuwa wengi.

Jeneza lilikuja baada ya adhuhuri. Vijana wa msikiti walilibeba mabegani, limefunikwa kitambaa cha kijani, wakipokezana haraka, na nyuma yao avenue nzima: Waislamu na kofia zao, wanakwaya wa parokia, mafundi wa boti, Glodi na mikono yake myeusi. Wanawake walisimama upande wa pili wa barabara, Zaina mbele yao. Mbele ya Nyumba ya Kafi wabebaji walisimama, na mwalimu wa msikiti akarudi hatua moja nyuma kuwapisha wenyeji.

Zacharie alikuwa kwenye kizingiti. Milango miwili nyuma yake ilikuwa imefungwa.

Landry alisogea, shati lake jeupe limefungwa mpaka shingoni. "Niko tayari, papa."

"Hakuna wa kubeba kichwa," Zacharie alisema.

Watu walidhani hakumwona. "Landry yupo," mtu alisema. "Papa, Landry huyu hapa."

"Hakuna wa kubeba kichwa," alisema tena, na safari hii walimwelewa.

Wabebaji walibadilisha bega. Zaina alivuka barabara. Wanawake walijaribu kumshika khanga, akajitoa.

"Tonton Zacharie, kuna nini? Kwa nini mulango umefungwa?"

"Mwanangu, nikimwingiza leo, nyumba inakwisha."

"Baba yangu ndiye amekwisha, tonton. Nyumba iko imesimama, naiona."

"Huyu akiingia kwa Landry, hakuna mwingine atakayeingia tena. Elewa. Hata Yannick..."

"Miezi miwili Landry alikuwa anamuogesha baba," Zaina alisema. Hakupaza sauti. "Anamubeba mpaka choo, anamurudisha. Wewe ulikuja Jumanne na Alhamisi, unakaa kwenye kiti, unamuhesabia nani wako upande gani. Baba alikuwa anakuitikia tu. Ukitoka ananiambia, nisukumie muto wa kichwa, Zacharie amenichosha. Lakini atanitia ndani. Alikuwa anasema hivyo. Amenichosha, lakini atanitia ndani."

Mwalimu wa msikiti alikohoa. "Papa, maiti haingoji."

"Fungua, papa," Landry alisema kwa sauti ya chini, karibu sana na sikio lake. "Mambo ya kiti tutaona baadaye."

Kama Landry angesema, sitakaa, pengine mkono wa Zacharie ungekwenda mlangoni wenyewe. Lakini Landry hakujua kusema uongo, na neno "tutaona" Zacharie alikuwa amelisikia kwa miaka tisa. Alibaki amesimama. Jua lilikuwa juu ya kitambaa cha kijani, na inzi wawili walitua juu yake, wakaruka, wakatua tena.

Landry alirudi nyuma hatua moja. Kisha akageuka, akaenda mpaka kwa kijana aliyeshika mbele, akamgusa bega, akaingiza bega lake mahali pake. "Twende," alisema. Wakaenda. Mkristo katika shati la kanisa alimbeba Mohamadi upande wa kichwa kutoka pale mpaka makaburi ya Waislamu, kilomita tatu, bila kupokewa hata mara moja, na watu walieleza baadaye kwamba alipoteremka kaburini alikuwa ameloa kama aliyetoka mtoni. Hakuna aliyekuwa amemwahidi kitu.

Faustin aliinuka kutoka kibarazani. Alipapasa hewani mpaka akapata mkono wa mpita njia, akaufuata msafara. Alipita karibu kabisa na Zacharie bila kusimama.

Avenue ilipobaki tupu Zacharie aliingia ndani. Alikichukua kiti cha Mohamadi, akakigeuza kuelekea ukutani kama sheria inavyosema. Alifanya hivyo kwa uangalifu, asikikwaruze. Kisha alikaa karibu na meza ndefu mpaka shuka jeupe likaanza kuonekana la kijivu, na ndipo alipokumbuka kwamba majina hakuyasoma.

Viviane hakumpelekea chakula siku hiyo wala siku iliyofuata. Ijumaa Zacharie alikuta bakuli la lituma, ndizi za kupondwa, mlangoni, limefunikwa sahani, na hakumwona aliyeliweka.

Jumamosi ilikuwa siku ya mkutano. Walikuja tisa: wale saba wa Malango ya Ushindi, Faustin, na yeye. Sadrack alisali kwa kifupi, akamwombea Mohamadi pumziko, akaomba msamaha kwa yeyote aliyeumizwa wiki hiyo, bila kutaja jina. Kisha akauliza swali lile la kila mara, kama nyumba ijengwe upya, na Zacharie, kalamu mkononi, akaandika tarehe na kungoja kuandika saba.

Mikono saba iliinuka. Halafu, upande wa dirisha, polepole, kama unaopandishwa na kamba, mkono wa nane.

"Faustin," Zacharie alisema. "Faustin, swali limeulizwa la kuvunja."

"Mimi ni kipofu, sio kiziwi."

"Ni nyumba ya baba zetu."

"Baba yangu alipokufa iliingiza watu," Faustin alisema. "Jumatano nilisimama nje yake na maiti ya Mohamadi. Nilisikia inzi, Zacharie. Hiyo nyumba unayoitunza wewe, mimi siijui. Wavunje."

Hakuna aliyeshangilia. Sadrack aliinamisha kichwa, na Zacharie aliona kwamba hata yeye alikuwa hakutegemea, na kwamba hakuwa na furaha aliyodhani angekuwa nayo.

"Papa Zacharie," Sadrack alisema, "tungependa iwe kwa umoja. Tukiwa tisa, itapendeza. Kiti cha mbele ya hekalu kitakuwa chako mpaka mwisho."

Zacharie alitikisa kichwa kukataa. Akaandika: nane wamekubali. Akaandika: mmoja amekataa. Chini yake, kwa kuwa wazee waliojenga nyumba ile waliagiza kwamba anayekataa peke yake asiachwe bila kusikilizwa, kurasa zote za daftari zilikuwa na nafasi ya jina lake na sababu yake, iliyopigwa mstari kwa rula. Aliandika jina lake, kwa mwandiko ule mzuri wa bandarini.

Kisha kalamu ikasimama. Alifikiri aandike, kwa ajili ya wafu wetu. Alifikiri aandike, ili ndugu asikose pa kuingia. Kila sentensi aliyoianza kichwani ilifika mpaka mlangoni, ikamkuta amesimama pale.

"Andika tu, papa," Sadrack alisema kwa upole. "Tunakungoja."

Faustin alikuwa ameshainuka na kuomba mtu wa kumshika mkono mpaka nje. Landry, aliyekuwa akingoja kibarazani, aliingia akampa wake. Wengine walianza kusogeza viti, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kama watu walio karibu na mgonjwa, na Zacharie alibaki ameinamia ile nafasi iliyopigwa mstari mpaka wino ukakauka kwenye ncha, akafunga daftari bila kuijaza.